Maswali yenu: udongo wa Kilwa na mtihani wa modeli za tabianchi

Toleo lililopita tulitoa habari fupi, nusu ukurasa tu, kwamba wanasayansi wanatumia vipindi vya joto vya zamani sana, vingine vya mamilioni ya miaka, kuzipima zile modeli za kompyuta zinazokadiria joto la dunia huko mbele. Sikutegemea barua na meseji nyingi namna hii. Nyingi zinauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti, kwa hiyo nimechagua sita, na zile ambazo sikuzitaja naamini mtajiona humu ndani.

*Mimi ni dereva wa daladala, Mbagala kwenda Kariakoo. Juzi redioni walisema Jumanne mvua kubwa, nikalaza gari, jua likawaka mpaka jioni na tajiri hesabu yake anaitaka vilevile. Sasa nyie mnatuambia kuna kompyuta inajua joto la mwaka 2100. Ya Jumanne imewashinda, ya 2100 wameitoa wapi?*
Dereva, Mbagala

Pole sana kaka, najua siku moja ya gari kulala inavyouma. Swali lako ni la haki kabisa na watu wengi wanaliona aibu kuliuliza.

Ukiniuliza tarehe 14 Aprili mwakani itanyesha au haitanyesha, sijui, na hakuna mtu anayejua. Lakini ukiniuliza kati ya Aprili na Agosti mwezi gani una mvua nyingi Dar, hata mtoto wa darasa la kwanza atakwambia Aprili, manake Aprili ni masika na Agosti kusi linavuma na watu wanatoa masweta. Masika huyajui kwa kufuata kila wingu linalopita juu ya Mbagala, unayajua kwa sababu jua limehama, bahari iko ya moto na pepo zinakutana juu yetu. Sasa mambo ya 2100 yako upande huo. Modeli haisemi Jumanne fulani ya mwaka 2100 itakuwaje, inahesabu joto linaloingia kutoka kwenye jua na joto linalotoka kurudi angani, na hewa ya ukaa ikiongezeka linalotoka linapungua, basi dunia inapata joto mpaka mizani ikae sawa tena. Hiyo ni fizikia ambayo wanasayansi kama Syukuro Manabe walishaifanyia hesabu kwenye kompyuta tangu mwaka 1967, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel.

Ila mimi nadhani swali lako lina sehemu ya pili ambayo ndo ngumu: sawa, fizikia ipo, lakini nani kaikagua hiyo modeli? Maana hatuwezi kukaa mpaka 2100 kusubiri majibu. Jibu la kwanza wanalotoa wataalamu ni kwamba modeli inarudisha vizuri joto la miaka mia moja na hamsini iliyopita, ile yenye vipimajoto. Mimi hilo halinitoshi na wao wenyewe linawasumbua. Waliotengeneza modeli walikuwa wanaijua ile rekodi muda wote, na vitu vingine ndani ya modeli, hasa mawingu, inabidi virekebishwe kwa mkono kidogo kidogo mpaka vikae. Ni kama mwanafunzi aliyefanya maswali yaleyale tuition wiki nzima halafu akayakuta kwenye mtihani, akipata tisini tunafurahi naye lakini hatujui kama ameelewa au amekariri. Na tena katika kipindi chote hicho dunia imepanda kama digrii moja na kitu tu. Huko tunakokwenda kunaweza kuwa digrii mbili, tatu au zaidi.

Kwa hiyo inabidi modeli ipewe pepa ambayo haijawahi kuiona, na pepa hiyo ni dunia ya zamani, ilipokuwa ya moto kweli.

*Mambo, mimi nasoma mwaka wa pili hapa Changanyikoni. Hivi vipindi vya joto ni vipi hasa, na mnajuaje joto la bahari miaka milioni 50 iliyopita wakati hakukuwa na kipimajoto wala mtu?*
Mwanafunzi, Changanyikoni

Poa mdogo wangu. Hapa niache niongee kirefu kidogo maana hili swali linaishia nyumbani kwetu, na inaniuma kwamba watu wengi wa Dar hawajui.

Vipindi vinavyotumika sana ni kama vitatu. Cha karibu ni kile cha miaka 129,000 hadi 116,000 iliyopita, kabla ya zama za mwisho za barafu, nitakirudia kwenye barua inayofuata. Cha pili ni katikati ya Pliosini, miaka milioni 3.3 hadi 3 hivi iliyopita. Zile nyayo za Laetoli kule Ngorongoro, za viumbe waliotembea wima kwenye majivu ya volkano, zina miaka milioni 3.66, yaani ni nyuma kidogo tu ya hapo. Pliosini inapendwa na wataalamu kwa sababu hewa ya ukaa ilikuwa kama sehemu 400 kwa kila milioni ya hewa, na sisi sasa hivi tumeshapita 420, wakati kabla ya viwanda ilikuwa 280. Kwa kiwango hichohicho tulichonacho leo dunia ya wakati ule ilikuwa na joto zaidi ya lile la kabla ya viwanda kwa digrii mbili na nusu hadi nne, na bahari ilikuwa juu kwa mita 5 hadi 25. Modeli 16 zilipewa mazingira ya Pliosini zikahesabu zenyewe, wastani wao ukatoka digrii 3.2, ila ya chini kabisa ilisema 1.7 na ya juu 5.2. Angalia hiyo tofauti. Wastani ni mzuri lakini modeli mojamoja zimeachana sana, na huo mwachano ndo unaosaidia kujua nani yuko karibu na ukweli.

Cha tatu ni Eosini, hasa miaka milioni 53 hadi 49 iliyopita, joto lilikuwa zaidi ya la kabla ya viwanda kwa digrii 10 hadi 18. Kwenye kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa ya Kanada ambako leo ni barafu na giza miezi kadhaa, wamechimba mifupa ya ndugu zake mamba.

Sasa tunajuaje joto la bahari. Kuna viumbe wa baharini wa seli moja wanaitwa foraminifera, wadogo kama punje ya mchanga, wanajijengea ganda la chokaa. Kiumbe anapojenga ganda anachukua oksijeni ya kwenye maji, na oksijeni ipo nyepesi na ipo nzito. Maji yakiwa ya baridi ganda linabeba nzito zaidi, maji yakiwa ya moto nzito inapungua. Kiumbe anakufa, anazama chini, anafunikwa na tope, na miaka milioni 50 baadaye unapima ganda lake kwenye mashine unasoma joto la maji aliyoogelea. Na si oksijeni tu, magnesi inaongezeka kwenye ganda joto likipanda, na boroni inaonyesha maji yalikuwa na asidi kiasi gani, na kutoka kwenye asidi unahesabu hewa ya ukaa iliyokuwepo angani.

Kumbe sasa palikuwa na tatizo. Miaka ya themanini na tisini maganda yaliyochimbwa kwenye sakafu ya bahari kuu yalikuwa yanasema kwamba wakati wa Eosini bahari ya ikweta ilikuwa digrii 15 hadi 23, yaani baridi kuliko bahari yetu ya leo hapa Kigamboni, wakati huohuo ncha za dunia zina mamba. Modeli zilikataa katakata. Ukiziongezea hewa ya ukaa ziliipasha ikweta pamoja na ncha, hakuna modeli iliyoweza kupasha ncha na kuipoza ikweta. Watu wakawa wanabishana, modeli mbovu, hapana, fizikia yenyewe kuna kitu hatujui.

Jibu likatoka Kilwa na Lindi. Pwani yetu ya kusini kuna udongo wa mfinyanzi uliotulia chini ya bahari tangu enzi hizo halafu ukainuliwa, na haukuzikwa kina kirefu wala kupikwa na joto la chini. Wanajiolojia wameuita kwa majina ya kwetu, kuna tabaka la Nangurukuru, kuna la Kivinje, la Masoko, la Pande. Udongo ule ni mzito, haupitishi maji, kwa hiyo maganda yaliyofungiwa ndani yake hayakuoshwa wala kubadilishwa. Timu ya Paul Pearson, Mwingereza, ilipoyaangalia kwenye hadubini ikakuta yanang'aa kama kioo, unaona mpaka upande wa pili, wakati maganda ya umri uleule kutoka bahari kuu yana ukungu mweupe. Ule ukungu ni chokaa mpya iliyoota juu ya ganda baada ya kiumbe kufa, na imeota chini kabisa kwenye sakafu ya bahari ambako maji ni ya baridi muda wote. Yaani kwa miaka mingi watu walikuwa wanapima baridi ya sakafuni wakidhani wanapima joto la juu. Mwaka 2001 wakachapisha kwenye jarida la Nature kwamba bahari ya tropiki enzi hizo ilikuwa na joto angalau kama la leo, na pengine digrii kadhaa zaidi. Baadaye wakachoronga visima vingi huko Kilwa na Lindi wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, na kwa maganda hayohayo ya Tanzania wakapima hata hewa ya ukaa ya miaka milioni 34 hivi iliyopita, wakati barafu ya Antaktika inaanza kujijenga.

Mimi nimepita Nangurukuru mara nyingi kwenye basi la kusini, tunashuka tunanunua korosho, na miaka yote nimekanyaga tope lile nikilichukia kwa kunata kwenye viatu. Siku niliposoma habari hii niliona haya kweli. Udongo wa njiani kwetu umesahihisha kosa la dunia nzima, na kwenye vitabu vya shule vya wanangu sijauona.

Halafu ona kilichotokea hapo. Safari hii vipimo ndivyo vilikosea, modeli zilikuwa sawa pale kwenye ikweta. Lakini kwenye ncha modeli ziliendelea kukosea, zilikuwa zinazipa baridi kuliko ushahidi wa mamba na mitende, na hapo lawama ilikuwa ya modeli kweli. Ilichukua muda mpaka namna ya kuhesabu mawingu ikaboreshwa ndo baadhi zikaanza kuipata Eosini, ikweta na ncha kwa pamoja.

*Nyumbani kwetu Kunduchi kuna kisima cha zamani kimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na babu alikuwa anasema bahari ilikuwa inafika mpaka hapa. Ni kweli au ni hadithi za wazee? Maana kama ilifika itarudi.*
Mama wa watoto watatu, Kunduchi

Shikamoo mama. Mawe ya kisima yenyewe hayatoshi kuwa ushahidi, maana wazee walikuwa wanayachonga sehemu nyingine wanayabeba, Kilwa Kisiwani na Mji Mkongwe wa Zanzibar umejengwa hivyohivyo. Lakini babu hakukosea sana. Nenda Oysterbay maji yakiwa yametoka, uangalie ule mwamba ulioliwa chini na mawimbi ukabaki umeinama kama paa, sogea karibu kabisa utaona ndani yake matumbawe yenyewe, mengine kama ubongo, mengine kama vidole, yamekaa vilevile yalivyoota. Matumbawe hayaoti nchi kavu. Yakiwa yamekaa juu ya maji maana yake aidha bahari ilikuwa juu au nchi imeinuka, na sehemu nyingine ni vyote viwili, ndo maana wataalamu hawakimbilii kupima urefu wa mwamba mmoja wakatangaza.

Miamba ya namna hii kwenye pwani ya Afrika Mashariki, kama ile ya Kenya, inahusishwa na kile kipindi nilichokitaja cha miaka 129,000 hadi 116,000 iliyopita. Wakikusanya ushahidi wa pwani nyingi duniani, na kutoa kule ambako nchi imeinuka au kuzama, wanapata kwamba bahari ilikuwa juu ya ilivyo leo kwa mita 5 hadi 10. Joto la dunia lilikuwa limezidi lile la kabla ya viwanda kwa nusu digrii hadi digrii moja na nusu tu mama, yaani hapohapo tulipo sisi sasa. Sababu ilikuwa tofauti, hewa ya ukaa ilikuwa kama 280 tu, ila njia ya dunia kuzunguka jua ilikuwa imekaa kwa namna ambayo kaskazini ilipata jua kali zaidi majira ya joto. Kwa hiyo hatusemi kipindi kile ni picha ya kesho yetu. Kinatumika kuzipima modeli za barafu: hii hapa ni nguvu ya jua ya wakati ule, haya yeyusha Greenland na Antaktika tuone kama unapata hizo mita. Modeli isiyoweza kuzipata hatuwezi kuiamini ikituambia Kunduchi iko salama.

Na kuhusu kurudi, barafu kubwa inayeyuka polepole, ni mamia na maelfu ya miaka kufika mita hizo. Wanao hawataziona. Wataona sentimita zikiongezeka, na kwa pwani yetu yenye mmomonyoko hata sentimita zinatosha kuondoa minazi na kuta, kama unavyoona mwenyewe hapo Kunduchi.

*Nyie waandishi mnasifia tu. Je kuna modeli hata moja iliyopimwa ikafeli? Au wataalamu wanalindana?*
Mzee wa Ilala

Shikamoo mzee wangu. Ipo, na nashukuru umeuliza.

Kule Boulder, Colorado, Marekani, kuna kituo cha utafiti wa anga kinaitwa NCAR, kina modeli maarufu inaitwa CESM. Toleo lake la pili lilipotoka lilikuwa linarudisha joto la karne ya ishirini vizuri tu. Lakini hewa ya ukaa ikiongezwa mara mbili toleo hilo lilikuwa linapanda digrii 5.3, wakati makadirio ya siku nyingi tangu ripoti ya Charney, ya wanasayansi wa Marekani ya mwaka 1979, yalikuwa 1.5 hadi 4.5. Si toleo hilo peke yake, modeli kadhaa za kizazi hicho zilikuwa zinapita digrii 5, na dunia ikashtuka, magazeti yakaandika kwamba hali ni mbaya kuliko tulivyodhani.

Basi wanasayansi watatu, Jiang Zhu, Christopher Poulsen na Bette Otto-Bliesner, wakaipa ile pepa ya Eosini, wakachapisha mwaka 2020. Ikatoka na joto la nchi kavu ya tropiki linalozidi digrii 55. Mzee wangu, digrii 55 hakuna msitu, na visukuku vya wakati ule vinaonyesha misitu. Wakaigeuza, wakaipa zama za barafu za miaka 21,000 iliyopita ambazo zinajulikana zilikuwa na baridi kuliko kabla ya viwanda kwa digrii 6 hivi, yenyewe ikashuka zaidi ya 11. Yaani inazidisha huku na inazidisha kule. Kosa likafuatiliwa mpaka kwenye mawingu, namna inavyohesabu matone ya maji na chembe za barafu ndani ya wingu, na toleo lililotangulia la modeli hiyohiyo halikuwa na kosa hilo. Na Otto-Bliesner yeye ni mtu wa NCAR yenyewe. Huko si kulindana.

Ripoti kubwa ya IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la wataalamu wa tabianchi, ya mwaka 2021 ilikuja ikasema hewa ya ukaa ikiongezeka mara mbili joto litapanda kati ya digrii 2.5 na 4, kadirio bora 3, na ushahidi wa zama za kale ulikuwa moja ya nguzo za namba hiyo. Hawakuchukua wastani wa modeli zote hivihivi, zile zilizopasha kupita kiasi zilipunguziwa uzito. Kwa hiyo mtihani wa zamani umekata pande zote, umeondoa wanaosema si kitu na umeondoa pia wanaotisha kuliko ukweli, mimi hapo ndo naupendea.

*Kama zamani kulikuwa na joto bila magari wala viwanda, basi haya mambo ni ya asili, tuacheni tuendeshe.*
Msomaji, Tegeta

Ndugu yangu, moto wa porini unaweza kuwashwa na radi, haina maana kwamba mtu hawezi kuuwasha kwa kiberiti. Miaka milioni 56 iliyopita kaboni nyingi iliingia angani bila binadamu, dunia ikapanda digrii 5 hivi, bahari ikapata asidi, na ilichukua zaidi ya miaka 100,000 kurudi ilikotoka. Nayo imeandikwa hata kwenye udongo wa pwani yetu ya kusini, wamechoronga wakaikuta. Kaboni ile iliingia kwa maelfu ya miaka. Sisi tunaitoa kwa kasi ya mara kadhaa ya ile. Vipindi vya zamani ndivyo vinavyotuonyesha kwamba hewa ya ukaa ikipanda joto linapanda, haijalishi nani ameitoa, na vilikuwa bila mji wa mamilioni ya watu uliojengwa bondeni.

*Nina shamba la mpunga Rufiji na mihogo Mkuranga. Naomba uniambie moja tu: masika yataongezeka au yatapungua?*
Mkulima, anaishi Temeke

Kaka yangu, hapa sitaki kukudanganya maana najua unapanga mbegu kwa jibu langu.

Modeli nyingi zinasema mvua za masika Afrika Mashariki zitaongezeka. Lakini kuanzia miaka ya themanini mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 masika ya ukanda wetu yalikuwa yanapungua, kinyume na zinavyosema, na wataalamu wamelipa jina kabisa, wanaliita kitendawili cha tabianchi cha Afrika Mashariki. Tukienda kwenye pepa ya zamani, miaka 6,000 iliyopita Sahara ilikuwa na nyasi, maziwa na viboko, na modeli zikipewa jua la wakati ule zinaleta mvua zaidi kweli, ila hazifikishi mvua kaskazini ya kutosha kuotesha kile kilichoota. Mvua za Afrika zimezishinda kwa kiasi kikubwa, na wanaozitengeneza wanakiri.

Tena historia ya ukanda wetu inaonyesha mvua inavyoweza kugeuka. Ziwa Victoria lilishakauka, miaka kama 17,000 hadi 15,000 iliyopita, ziwa zima. Na barafu ya Kilimanjaro, ambayo mtaalamu wa barafu Lonnie Thompson na wenzake waliichoronga mwaka 2000, ya chini kabisa ina miaka kama 11,700, na ndani yake kuna tabaka la vumbi la miaka 4,000 hivi iliyopita kutoka kwenye ukame mkali.

Kwa hiyo nikikupangia uzito wa maneno yao: joto kupanda, liamini, limepita mitihani mingi. Mvua ikinyesha kunyesha kwa nguvu zaidi, liamini pia, hewa ya moto inabeba maji mengi zaidi. Lakini jumla ya masika kuongezeka au kupungua, mimi nisingeuza shamba la mihogo nikaweka hela yote kwenye mpunga wa bondeni kwa sababu modeli imesema mvua zitaongezeka, wala nisingeacha mpunga kwa sababu miaka ya nyuma zilipungua. Baki na vyote viwili, na utabiri wa msimu unaotoka kabla ya masika uufuatilie kila mwaka, huo ndo wa kuchagulia mbegu.

Mwisho, yule mwanafunzi wa Changanyikoni ameniandikia meseji ya pili akiuliza kama mtu wa kawaida anaweza kuyaona hayo maganda kwa macho yake. Anaweza. Donge la ule udongo la ukubwa wa ngumi, omba mwenye eneo kwanza, ukaushe, halafu ulitie kwenye ndoo ya maji uliache usiku kucha livurugike lenyewe bila kulisaga. Asubuhi mwaga polepole kwenye chekecheke laini kuliko la unga, endelea kumimina maji mpaka yatoke meupe. Kitakachobaki ni kama kijiko kimoja cha mchanga. Kikaushe juani, kimwage kwenye karatasi nyeusi, kisogelee na lenzi ya mkono, halafu chovya brashi ya rangi kwenye maji uguse punje mojamoja, zinanata zenyewe. Nyingine zitakuwa mchanga tu. Zile za mviringo zenye vyumba vidogo vidogo vilivyozungukana kama konokono, zinazopitisha mwanga, hizo ndo zenyewe. Ukizipata ziweke kwenye kichupa, andika ulipozitoa na tarehe, upeleke idara ya jiolojia hapo chuoni kwenu wakuonyeshe kwenye hadubini.